Ghorofa la Jirani na Mabafu Yasiyo na Paa

Mimi nina mdomo. Nasema mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtu aliyezoea kunyamazisha darasa la watoto tisini kwa jicho moja haiachi tabia hiyo shuleni siku anapokabidhi chaki. Anarudi nayo nyumbani. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mpole, na kwa miaka yote hii amejifunza kupiga misumari pale ninapoanza kuongea. Anasema ni kazi tu. Mimi namjua.

Tunakaa pembeni mwa mji wa Geita, kwenye mtaa wa nyumba za chini. Kila nyumba ina ua wake, na kwenye kona ya kila ua kuna bafu: kuta nne za matofali, mlango wa bati, jiwe la kusimamia, na juu hakuna kitu. Mbingu. Unatenga ndoo yako juani tangu mchana, ikifika saa kumi maji yamepata moto wake wenyewe, unaoga huku mawingu yanapita. Niliolewa hapa nikitokea Maganzo, na katika mambo yote niliyoyakuta kwa mume wangu, nililolipenda haraka kuliko yote lilikuwa bafu. Hata yeye anajua hilo.

Basi, nyuma ya ukuta wetu palikuwa na kiwanja kitupu, kikanunuliwa na mtu mwenye duara kule Rwamgasa. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na la kwake lilikuwa limeitema. Wenzake wakipata, wananunua gari jeusi na kutafuta mke wa tatu. Huyu alileta ramani na malori ya kokoto. Alisema anajenga ghorofa la kupangisha, sakafu tatu, kila familia na choo chake ndani. Tukamsikiliza kwa adabu, tukarudi majumbani. Kwetu mtu akikwambia anajenga ghorofa, unangoja kwanza uone kama msingi utapita magoti.

Ulipita. Ukuta ukapanda, zege la kwanza likamwagwa, wakaanza la pili. Siku hiyo, saa kumi, nilikuwa bafuni kwangu nimejipaka sabuni kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, macho nimefumba, nikasikia sauti ya heshima kabisa:

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba baba, hujambo?" nikajibu.

Jamani! Nilijibu! Salamu ya heshima ukiwa umezaliwa huku haipiti hivihivi bila kuitikiwa, hata uwe unaumwa. Ilibidi nimwage kopo zima la maji usoni ndipo nikajiuliza: hivi ananiamkia nani, na yuko wapi? Nikainua macho. Kule juu kwenye zege alisimama fundi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, niliyewahi kumfundisha darasa la nne. Kofia amevua. Macho ameyaelekeza pembeni, kwenye njia ya magari, maskini, lakini alikuwa ameshaona kwamba ni mimi, na kupita bila kumwamkia mwalimu wake hakuweza. Akaongeza, "Mzee hajambo?"

Nilipiga yowe ambalo nina hakika lilifika mpaka mgodini.

Jioni hiyohiyo ukumbi wangu ulijaa wanawake. Kumbe siyo mimi tu! Bibi jirani yangu wa kushoto, ambaye ana umri mkubwa kuliko mtaa wenyewe, alisema yeye ana wiki nzima anaoga amevaa kanga. "Mtu mzima mimi, naoga na nguo kama ninabatizwa!" Tukacheka mpaka tukashika mbavu, halafu tukakasirika upya. Kisha akaleta la pili: jua. Bibi anatengeneza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na ua wake ulikuwa umeanza kupata kivuli cha ukuta ule tangu saa nane. "Nikaushe wapi? Kichwani?" Mwingine akaleta vyoo, mwingine maji ya bomba. Mimi nikaandika. Ninaandika vizuri, mwandiko wa ubaoni, kwa hiyo nikafanywa katibu kabla sijakubali. Mwenyekiti wa mtaa akasimamisha ujenzi mpaka kikao cha wananchi, Jumapili ya wiki iliyofuata, na akaahidi kumleta afisa mipango miji kutoka halmashauri.

Sasa hapa ni lazima niseme habari za binti yangu, maana ndizo habari zenyewe.

Binti yangu ameolewa na dereva wa malori ya mizigo, yule anayepakia Isaka na kupeleka huko magharibi, mpakani na ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wamepanga chumba karibu na stendi. Mimba ikiwa na miezi mitano, mwenye nyumba wao akaamua kugeuza vyumba vyote kuwa gesti. Akawatoa. Na vyumba Geita, nani asiyejua? Mgodi umeleta watu, machimbo yameleta watu, na waliokuja kuwauzia hao watu maandazi nao wanataka pa kulala. Chumba kikiachwa asubuhi, mchana tayari kina godoro la mwingine. Binti yangu alizunguka na dalali mpaka miguu ikavimba. Mwisho akarudi kwangu na mizigo yake na tumbo lake, nikampa chumba cha uani.

"Si vizuri tu?" mtasema. Vizuri kwa nani! Mume wake akirudi safari analala wapi? Kwa jinsi nilivyolelewa mimi Usukumani, mkwe wa kiume halali chini ya bati moja na mama mkwe. Hampeani mikono. Hamli sahani moja wala hamtazamani usoni. Akija, anasimama nje ya ua, anaita hodi huku anaangalia ardhi, anasema "Shikamoo mama," mimi naitikia nikiwa nyuma ya pazia, halafu najipitisha mlango wa jikoni. Nimesoma ualimu, nimefundisha sayansi na mfumo wa jua, lakini mkwe ni mkwe. Basi kila akirudi kutoka Isaka yule kijana wa watu alikuwa analala gesti, na mke wake wa halali anamtembelea huko na kikapu cha chakula, kama wachumba. Jirani mmoja asiye na haya aliniuliza kama binti yangu ameachika. Iliniuma sana. Niliingia ndani nikalia, na mimi silii ovyo.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka duniani wakati ule ni kimoja: binti yangu apate chumba chenye mlango wake, aishi na mume wake kabla mtoto hajazaliwa. Na saa hizohizo nilikuwa nazunguka mtaani na daftari la kaunta kukusanya sahihi za kuzuia jengo lenye vyumba. Mnaona akili ya mwalimu? Nilijiambia ghorofa lile ni la wenye hela za mgodi, halituhusu.

Jumamosi, mkesha wa kikao, sahihi zilikuwa zimefika mwisho wa ukurasa, ila mstari wa chini kabisa ulikuwa mtupu. Mstari mtupu unanikera. Nikaufikiria mpaka nikashindwa kupika. Mkwe wangu alikuwa amerudi safari siku hiyo, amekaa nje kwenye kibaraza cha karakana na baba mkwe wake, wanakunywa chai. Nikamwita mume wangu kupitia dirishani.

"Mwambie mkwe atie sahihi hapo chini."

Mume wangu akakohoa. "Mwalimu, yeye si mkazi."

"Mke wake si anakaa hapa? Mpe."

Akakohoa tena, kikohozi kirefu, cha mtu anayetaka kuniambia jambo. Nikamwambia akanywe maji. Daftari likaenda. Niliona kupitia pazia kijana akilishika kwa mikono miwili, akalisoma, akalisoma tena, jasho likimtoka. Akamwangalia baba mkwe wake. Baba mkwe wake akaangalia mbao. Basi akainama, akasaini, akarudisha kalamu, akaaga na kwenda zake gesti bila kumaliza chai. Nikasema moyoni, kijana ana adabu huyu, hana maswali.

Nikageuka, nikamkuta binti yangu amesimama mlangoni na mfuniko wa sufuria mkononi, machozi yanamtiririka.

"Mama, unajua umemsainisha nini?"

"Malalamiko ya mtaa."

"Umemsainisha nyumba yetu! Tumepata vyumba viwili mle, ghorofa ya pili. Mwenye ghorofa ameshakubali. Amesema likiisha tu tunaingia, hata rangi haijakauka."

Nilikaa kwenye ndoo. Bahati nzuri ilikuwa imefunikwa.

"Sasa kwa nini hakukataa?"

"Akukatalie wewe? Mama mkwe? Kwa mdomo gani?"

Nje, nyundo ikaanza kupiga kwa kasi ya ajabu. Nikatoka.

"Baba watoto! Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," alisema, misumari mitatu ikiwa midomoni. "Hata milango ya mle natengeneza mimi. Tulikuwa tunangoja upoe."

"Nipoe! Mimi ni uji?"

Akatoa misumari mdomoni, akaniangalia, akaanza kucheka. Nilikasirika kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Lakini yule mtu akicheka mabega yake yanacheza, na mimi tangu usichana sijawahi kuyashinda yale mabega. Nikacheka na mimi, huku nasikia aibu mpaka masikioni. Yule kijana alikuwa amekosa njia ya kuniambia "hapana", akaona ni afadhali asaini kupoteza nyumba ya mtoto wake kuliko kumvunjia heshima mama wa mke wake. Na mimi ndiye niliyempelekea kalamu, eti mstari usibaki mtupu.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule yangu ya zamani, chini ya jua kali, kila mtu na kiti chake kutoka nyumbani. Mwenye ghorofa alikuja na viatu vya machimboni, akaketi peke yake kama mtoto aliyeitiwa wazazi. Afisa mipango miji alikuwa dada mdogo mwenye mwavuli na utepe wa kupimia. Mwenyekiti akasema, "Katibu, soma."

Nikasimama. Nikasoma malalamiko yote, neno kwa neno: mabafu, jua, vyoo, maji. Watu wakapiga makofi. Nikasoma majina. Nilipofika mstari wa chini nikasema, "Jina la mwisho lifutwe. Aliyetia sahihi si mkazi, na alilazimishwa."

"Na nani?" akauliza mwenyekiti, amewaka.

"Na mimi. Na jina la kwanza nalo lifutwe. Ni la kwangu."

He! Uwanja ulilipuka. Bibi jirani alinyanyuka na fimbo yake. "Wewe mwalimu! Umenunuliwa na dhahabu!"

"Nimenunuliwa na mjukuu, bibi! Hata hajazaliwa, lakini ameshaninunua!"

Nikawaeleza yote. Gesti, kikapu cha chakula, jirani asiye na haya (alikuwepo, akaangalia viatu vyake), mkwe na kalamu. Nilipofika pale kwenye mkwe kusoma daftari mara mbili huku jasho linamtoka, wazee wa Kisukuma walianza kutikisa vichwa, halafu mmoja akaangua kicheko, kikasambaa uwanja mzima mpaka dada wa halmashauri akafunika uso kwa mwavuli. Na nilipouliza nani kati yao hana ndugu, mtoto au mpangaji anayetafuta chumba mji huu, hakuna aliyenyoosha mkono. Walijua. Kila nyumba pale ilikuwa na mtu analala sebuleni.

"Sasa bafu zetu je?" sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma.

"Ndiyo hapo!" nikasema. "Hatujawahi kugombana na ghorofa, tumegombana na kuoga mbele za watu. Huyu bwana analiwekea lake paa la zege. Atuezekee na yetu."

Mwenye ghorofa akasimama haraka sana. Akasema atatoa mabati kwa kila bafu linalopakana naye, na mafundi wake ndio wataezeka. Akanigeukia akasema pole kwa jambo lile la salamu. Fundi wake alikuwa amemsimulia, na ameapa hatapanda tena juu bila kupiga filimbi. Watu wakacheka tena. Mimi nikamwambia apunguze maneno aongeze mabati.

Bibi alikuwa bado amesimama. "Mimi sitaki giza. Nimeoga juani tangu utoto. Mkinifunika nitaota ukungu."

Ikawa mjadala wa peke yake, kwa nusu saa nzima: bibi apate jua bila jua kuleta macho ya watu. Mwisho mume wangu, ambaye haongei kwenye vikao, alisema yapo mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga lakini kitu hakionekani. Bibi akataka ushahidi. Dada wa halmashauri naye akaamuru madirisha ya upande wetu yawekwe juu, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, akaenda kupima mwenyewe. Na michembe? Mwenye ghorofa akakuna kichwa. "Bibi, juu ya lile jengo kutakuwa na zege tupu, jua kutwa nzima. Utakaushia huko. Nitakupandishia mwenyewe."

Bibi akafikiri. "Na wa kuwafukuza kuku?"

"Kuku hawapandi ngazi tatu, bibi."

Akakaa. Mwenyekiti akafunga kikao kabla hajabadili mawazo.

Ujenzi ulirudi Jumatatu. Bati la bibi lilikuja, tukaenda wote kulijaribu: bibi akiwa ndani amevaa kanga zake mbili, sisi juu ya zege tunachungulia, yeye anapiga kelele, "Mnaona vidole vingapi?" Hatukuona hata mkono. Ilikuwa miezi ya furaha, sijui niiseme vipi. Mume wangu alitengeneza milango kutwa, mtaa ulinuka mbao mbichi, na binti yangu alikuwa anakwenda kila asubuhi kutazama ukuta wa chumba chake, tumbo mbele, anaugusa kwa kiganja. Walihamia ngazi zikiwa hazina vyuma vya kushikia. Mkwe wangu alibeba godoro kichwani, na mimi nikajificha jikoni ili apite.

Mtoto alizaliwa mkwe akiwa ng'ambo ya mpaka. Msichana. Tulimtoa kituo cha afya kwa bajaji, tukampandisha polepole mpaka ghorofa ya pili, na kuanzia siku hiyo kila alfajiri nilikuwa napanda na beseni na maji ya moto kwenda kumwosha, kumkanda mama yake, kupika uji. Binti yangu aliahidi kuniambia mume wake akikaribia, ili nishuke mapema. Lakini lori likikuta njia nyeupe halina ratiba. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimemtoa mtoto ngazini apate jua linaloingia pale katikati, binti yangu amelala, nikasikia viatu vizito vinapanda ngazi mbili mbili.

Lile jengo lina ngazi moja tu. Hakuna pazia wala mlango wa jikoni. Akakunja kona, akaniona, begi likamdondoka. Na yule kijana, jamani, aligeukia ukuta. Aligeuka akaweka paji la uso kwenye saruji kabisa, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakusogea. Alikuwa anatetemeka mabega. Safari yote ile, siku zote zile gesti, na mtoto wake yuko hatua mbili nyuma yake, naye hageuki kwa sababu yangu. Nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza, shingo imeungua jua la barabarani, shati lina vumbi la Isaka.

"Baba," nikamwambia, "geuka."

"Mama..."

"Nimesema geuka! Nimefundisha miaka mingi, sijazoea kusema mara tatu."

Akageuka, macho chini. Nikashuka ngazi mbili, nikamwekea binti yake mikononi, na vidole vyetu vikagusana, na mbingu haikuanguka. Akamtazama mtoto. Kisha akainua uso akanitazama mimi, machozi yanadondoka kwenye ndevu, na ninaapa nilikuwa sijui kwamba yule kijana ana macho mazuri namna ile.

"Mama, asante," akasema.

"Kichwa!" nikamkemea, maana sauti yangu nyingine ilikuwa imegoma kutoka. "Shika kichwa! Hilo si usukani."